Kinachohifadhiwa na Kinachotolewa: Utakatifu wa Nyumba Chini ya Mlima Kenya

Miongoni mwa maswali ambayo wanateolojia huyapita haraka, kwa kudhani kwamba yamekwisha kujibiwa, ni lile linalohusu thamani ya kiroho ya mambo ya kila siku ya nyumbani: kupika, kusoma kitabu baada ya chakula cha jioni, kubandika picha katika albamu, kulisha mbwa na paka, kuketi pamoja mbele ya televisheni. Jibu lililozoeleka ni kwamba mambo hayo ni mema lakini ni ya pembeni, kwamba ibada yenyewe iko kanisani, nayo nyumba ni mahali pa kujiandaa kwenda huko na pa kupumzikia baada ya kutoka huko. Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kutoka Nyeri na Karatina hadi Naro Moru, Nanyuki na Meru, jibu hilo halitoshi, kwa kuwa historia ya dini katika sehemu hizo ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya nyumba: jinsi ilivyojengwa, nani alilishwa ndani yake, nini kilitunzwa humo na nini kilitolewa. Swali lenyewe basi lapaswa kuulizwa kwa ukali zaidi. Ikiwa maisha ya nyumbani yana utakatifu wowote, je, utakatifu huo umo katika kile ambacho familia inakihifadhi, au katika kile ambacho inakitoa kila siku na ambacho hakibaki?

Jadi ya Wakikuyu, kama Jomo Kenyatta alivyoieleza katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, iliyagawa makazi ya familia katika majengo mawili ya msingi. Kulikuwa na thingira, kibanda cha mume, alimopokea wageni wake. Na kulikuwa na nyumba, iliyokuwa ya mke, yenye mafiga matatu katikati, vitanda pembeni, na sehemu ndogo iliyokingwa iitwayo gicegu, ambamo kondoo dume alifungwa na kunenepeshwa kwa majani ya viazi vitamu aliyoletewa na mwenye nyumba kutoka shambani. Mungu, Ngai, alisemekana kukaa juu ya Kirinyaga, yaani mlima wenyewe, na dhabihu kubwa za jamii zilitolewa chini ya mti wa mugumo. Lakini uhusiano wa kila siku na waliotangulia ulikuwa jambo la nyumbani. Mzee hakunywa pombe ya muratina kabla ya kumwaga kidogo chini kwa ajili yao. Wamisionari walipoliona tendo hilo waliliita kuabudu wafu, naye Kenyatta akalikataa jina hilo kwa hoja ambayo bado ina uzito: ibada, alisema, ilikuwa ya Ngai peke yake, ilhali kilichofanyika kwa wahenga kilikuwa ushirika, namna ya kuendelea kula na kunywa pamoja na watu ambao kifo hakikuwaondoa katika ukoo.

Inafaa kukaa kidogo juu ya jambo moja ambalo wasomaji wa leo, waliozoea makaburi ya saruji na misalaba, hulisahau au huona haya kulitaja. Zamani Wakikuyu wengi hawakuzikwa. Mtu wa kawaida alipokufa, au alipokuwa mahututi, alipelekwa porini, na mazishi yaliwahusu hasa wazee wenye hadhi na mali. Nacho kibanda alimofia mtu kwa kawaida kiliachwa. Mgeni angeweza kudhani kwamba hao walikuwa watu wasiowajali wafu wao, na wageni kadhaa walidhani hivyo. Ukweli ni kinyume chake, kwa sababu kile ambacho hakikuwekwa kaburini kiliwekwa katika jina. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, wa pili jina la baba wa mama yake, na mabinti vivyo hivyo hupewa majina ya bibi zao kwa zamu ileile, kisha zamu huendelea kwa wajomba, baba wadogo na shangazi. Desturi hiyo imedumu kupitia Ukristo, shule na kuhamia mijini, na mama wa Nyeri anayemwita mwanawe wa pili kwa neno la heshima alilomwitia baba yake mwenyewe hafanyi mzaha. Anatambua kwamba baba yake amekuja tena kukaa mezani pake, akiwa mdogo, mwenye njaa na mwenye kuhitaji kuogeshwa.

Hapa ndipo John Mbiti, mwanateolojia na kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, anaposaidia. Katika African Religions and Philosophy ya mwaka 1969, Mbiti alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza namna ambavyo Waafrika wengi, kwa maoni yake, wanaufahamu wakati. Sasa, kwa maana aliyoipa, ni eneo la wakati ambalo watu bado wanaliishi na kulikumbuka. Zamani ni bahari ya wakati uliokwisha, ambamo kila kitu huzama hatimaye. Mtu aliyekufa hakai zamani mara moja. Maadamu wapo walio hai waliomjua na wanaolitaja jina lake, muda unaoweza kufika vizazi vinne au vitano, yeye yumo bado ndani ya sasa, naye Mbiti alimwita mfu aliye hai. Wanafalsafa wengine wamempinga Mbiti, hasa kwa dai lake kwamba fikra za jadi hazikuwa na wakati ujao wa mbali, na upinzani huo una haki. Lakini kuhusu hao wafu walio hai alikuwa ameliona jambo la kweli, nalo linahusu nyumba kuliko hekalu, maana majina ya wafu hutajwa zaidi jikoni kuliko mahali pengine popote.

Ukristo ulipoingia, uliingia pamoja na kitu kipya cha kutunza, nacho ni kitabu. Waliobatizwa waliitwa athomi, yaani wasomaji, kwa sababu kusoma na kuamini vilikuja kwa mkono mmoja, iwe katika misheni ya Kipresbiteri ya Tumutumu karibu na Karatina au katika vituo vya Wakatoliki wa Consolata, shirika lililoanzishwa Turin, Italia, na ambalo watu wake wa kwanza walifika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902. Agano Jipya kwa Kikikuyu lilichapishwa mwaka 1926 na Biblia nzima mwaka 1951, na katika familia nyingi kurasa tupu za mwanzo za kitabu hicho zikawa daftari la ukoo, mahali pa kuandikia tarehe za kuzaliwa, za ubatizo na za kufa. Jina, lililokuwa likipita kutoka mwili hadi mwili, sasa lilipita pia kwa wino. Halikuwa badiliko dogo. Jina lililo mdomoni huhitaji mtu wa kulitamka na mtoto wa kulibeba, ilhali jina lililo katika karatasi laweza kukaa kabatini bila kumdai mtu yeyote kitu chochote.

Hata hivyo ingekuwa kosa kuihukumu karatasi upesi. Gakaara wa Wanjau, mwandishi aliyezaliwa mwaka 1921 katika eneo la Tumutumu na aliyeendesha kiwanda cha kupiga chapa mjini Karatina, aliwekwa kizuizini na serikali ya kikoloni kuanzia mwaka 1952, na akiwa huko aliandika kwa siri kumbukumbu za siku zake na kuzificha. Zilipochapishwa kwa Kikikuyu mwaka 1983, zikapata Tuzo ya Noma mwaka uliofuata, taifa lilipata ushahidi ambao usingepatikana kwa njia nyingine, hasa kwa vile serikali iliyomfunga iliteketeza sehemu ya nyaraka zake na kuhamishia nyingine Uingereza, ambako kuwepo kwake kulikubaliwa hadharani mwaka 2011 tu, wakati wazee wa Mau Mau walipokuwa wakidai haki mahakamani London. Mtu anayehifadhi karatasi katika hali kama hiyo hashikilii kilichopita kwa woga. Anakataa kumsaidia mkosaji kusahau, na kazi hiyo, ikifanyika nyumbani kwa sanduku la bati lenye kufuli, ni kazi ya haki kamili. Kwa hiyo kuhifadhi kunapata thamani yake kutokana na yule ambaye kunamhudumia. Kukiwa na mtu anayedai kitu hicho, aliye hai au mfu, kuhifadhi ni namna ya kutoa.

Kipimo hicho kinafaa kutumiwa kwa albamu ya picha, ambayo ndiyo hazina ya kawaida kabisa ya sebule za Nyeri, ikiwekwa chini ya televisheni au katika droo ya kabati la vyombo pamoja na vyeti vya shule. Iliyoenea ni ile yenye kurasa nene za gundi, zilizofunikwa kwa nailoni inayobanduka kwa mlio. Picha za mwanzo zimepigwa studio, mbele ya pazia lenye mandhari ya kuchorwa. Zinazofuata ni za ubatizo, kipaimara, mahafali, na ruracio, sherehe ya kupeleka mahari. Mgeni hupewa albamu aitazame huku chai ikichemka. Na mtu wa nyumba hiyo anapofariki, jamaa huifungua wakati wa matanga, wakabandua picha moja moja na kuzipeleka kwa mpiga chapa, ambaye huzitia katika kijitabu cha mazishi pamoja na ratiba ya ibada, historia ya marehemu na orodha ya watoto na wajukuu. Mara nyingi picha hizo hazirudi mahali pake. Ukurasa unabaki na mraba mweupe katikati ya karatasi iliyogeuka manjano, na anayeifungua albamu baadaye husoma miraba hiyo bila kuambiwa kitu: huyu amekwenda, na huyu pia. Wapo wanaolalamika kwamba albamu zinaharibiwa kwa namna hiyo, na ni kweli kwamba picha iliyopotea kwa mpiga chapa haipatikani tena. Lakini ni vigumu kuona ni matumizi gani bora zaidi ambayo picha hizo zingeweza kupata kuliko kutoka sebuleni na kuingia mikononi mwa mamia ya watu waliokuja kumsindikiza mwenye sura hiyo.

Kasoro ya albamu iko kwingine, nayo ni nzito zaidi. Picha huwapenda watu wakiwa wamevaa nguo za Jumapili. Arusi nzima yaweza kujaza kurasa ishirini bila kumwonyesha hata mmoja wa wanawake waliolala macho nyuma ya nyumba wakimenya viazi, na bibi aliyeteka maji mtoni kwa miaka arubaini huonekana mara moja tu, ameketi kwenye kiti kilichoazimwa, mikono imewekwa magotini. Kile alichokitoa hakikuhifadhika, kwa sababu kililiwa.

Kupika ndiko kazi ya nyumbani iliyo mbali kabisa na kuhifadhi. Mfano ni mukimo, chakula ambacho hakikosekani katika sherehe za eneo la mlima. Mahindi na maharagwe huwekwa motoni mapema na kuchemshwa kwa saa nyingi hadi yalainike. Baadaye huongezwa viazi vilivyomenywa, na juu yake majani ya maboga au ya thabai, yaani kiwavi, ambayo mpishi huyachuma kwa uangalifu kwa kuwa yanawasha. Viazi vikiiva, maji yaliyobaki humiminwa katika kikombe na kuwekwa kando, kisha mpishi husimama, huinamia sufuria na kuponda kwa mwiko mnene akitumia uzito wa mwili wake wote, akirudisha maji kidogo kidogo, mpaka chakula kiwe cha kijani mahali pote na kisishikamane na mwiko. Kazi ya nusu siku huliwa kwa robo saa. Kesho yake itaanza upya, na hakuna mtu atakayesema kwamba mpishi amejenga kitu. Hata kuni zilizotumika zilikuwa na mipaka yake ya kidini: Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, anaeleza katika Unbowed jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu, na jambo hilo lina maana kwamba mwanamke aliyekuwa akitafuta moto wa kupikia ndiye aliyekuwa mlinzi wa mahali patakatifu kila siku, siyo tu siku za dhabihu.

Aristotle anasimulia, katika kitabu chake kuhusu sehemu za wanyama, kwamba wageni waliokwenda kumwona mwanafalsafa Heraclitus walisita mlangoni walipomkuta akiota moto jikoni, naye akawaambia waingie bila hofu kwa kuwa hata hapo miungu ilikuwepo. Aristotle aliitumia habari hiyo kuwatetea wanaochunguza viumbe vidogo na visivyopendeza, na funzo lake, kwamba jikoni na mnyama duni vyaweza kubeba kitu cha kimungu, linalingana vizuri na nyumba ambayo mafiga na gicegu vilikuwa chini ya paa moja. Swali la mnyama wa nyumbani, hata hivyo, ni gumu kuliko la chakula, kwa kuwa mnyama hujibu anapopendwa. Kondoo wa gicegu alilishwa kwa mkono wa mwanamke mmoja kwa miezi mingi, akaijua sauti yake, kisha akachinjwa kwa ajili ya shughuli za ukoo, na mafuta yake yakatumika. Msomaji wa leo huona ukatili hapo. Lakini mbwa wa mjini Nyeri anayepewa ukoko na mabaki ya ugali, akalala nje kwenye baridi ya Julai akilinda nyumba ambayo haruhusiwi kuingia, hawezi kusemekana kwamba amependwa zaidi. Amewekwa tu mahali ambapo deni lake halihesabiwi.

Kisa kinachojulikana zaidi duniani kuhusu mnyama aliyelelewa nyumbani kilitokea upande wa pili wa mlima huohuo. Mwaka 1956 George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyekaa Isiolo, alimwua simba jike aliyemshambulia, akagundua kwamba ameacha watoto watatu. Wawili walipelekwa baadaye katika bustani ya wanyama Rotterdam, na wa tatu, Elsa, akabaki kwa George na mkewe Joy, akinyweshwa maziwa kwa chupa na kulala ndani ya nyumba yao. Kitabu cha Joy Adamson, Born Free, kilitoka mwaka 1960, na filamu yake, iliyopigwa Naro Moru, ikatoka mwaka 1966. Jambo la kufikirika katika kisa hicho halimo katika ukaribu wa simba na binadamu, ambao ndio watazamaji wengi waliufurahia. Limo katika uamuzi wa kumfundisha Elsa kuwinda ili aweze kuishi bila wao, katika nyika za Meru, mahali alipofia na kuzikwa mwaka 1961. Upendo huo ulikuwa na akili ya kuachilia. Inapasa pia kusemwa, bila kuwanyima akina Adamson heshima yao, kwamba mwaka uleule ambao mtoto wa simba alikuwa akipewa maziwa Isiolo, familia za Nyeri zilikuwa zimeondolewa kwenye makazi yao na kusongamanishwa katika vijiji vya lazima vilivyozungushiwa mahandaki, na mafiga ya nyumba nyingi yalikuwa yameachwa kwenye majivu. Filamu hiyo haina nafasi kwa habari hiyo. Familia inayoitazama leo ikiwa chini ya mlima ina haki ya kuifurahia, na ina wajibu wa kuwaeleza watoto kile kilichokuwa nje ya fremu.

Kuhusu filamu kwa jumla hakuna haja ya maneno mengi. Lawama kwamba televisheni imeua mazungumzo ya jioni ni ya kweli nusu tu, kwa sababu simulizi za jioni zenyewe, kama Maathai anavyozikumbuka, zilikuwa na kazi ya kuwazuia watoto wasilale kabla ya chakula kuiva. Zilikuwa watumishi wa sufuria. Sauti ya DJ Afro, inayofunika mazungumzo ya filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, imewarudishia watazamaji msimulizi aliyekuwa amepotea. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi kila mtu anaweza kuwa na skrini yake mkononi, na hadithi inayosikilizwa na mtu mmoja haimngoji mtu mwingine yeyote, wala mpishi.

Yote haya yakikubaliwa, bado kuna pingamizi ambalo haliwezi kukwepwa. Kusema kwamba kupika, kulisha na kutunza ni ibada kumetumika mara nyingi kuwafunga wanawake jikoni kwa kamba ya sifa. Aliyemlisha kondoo wa gicegu hakuwa aliyemchinja wala aliyegawa nyama yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake kuhusu Kanisa ya mwaka 1964, uliita familia kanisa la nyumbani na wazazi wahubiri wa kwanza wa imani kwa neno na kwa mfano. Wahubiri walitajwa, wapishi hawakutajwa. Kanisa la Nyeri lenyewe lilipopata mwenyeheri wake, Sista Irene Stefani wa Consolata, aliyetangazwa mjini humo tarehe 23 Mei 2015, lilimheshimu mwanamke aliyehudumu Gikondi kwa kutembea nyumba hadi nyumba, kuwaandikia watu barua za kupeleka kwa watoto wao walioajiriwa mbali, na kumuuguza mgonjwa wa tauni ambaye ugonjwa wake ndio uliomuua mwaka 1930. Hakuacha albamu ya matendo makuu; alitoa, na kilichotolewa kikatumika.

Ikiwa basi utoaji wa nyumbani ni ibada kwa maana kamili, hauwezi kuwa wajibu wa nusu ya waumini. Ibada ambayo wanaume wamesamehewa isingekubaliwa na mchungaji yeyote wa Karatina siku ya Jumapili, na hakuna sababu ya kuikubali siku ya Jumatatu. Sura ya kumi ya Injili ya Luka, inayosomwa mara kwa mara kwa akina mama, humlaumu Martha kwa kuhangaika na kumsifu Maria kwa kuketi na kusikiliza, na wahubiri huimalizia hapo, kana kwamba chakula kilijipika. Lakini Luka anaianza habari hiyo kwa kusema kwamba Yesu na wenzake walikuwa safarini pamoja, na mahubiri yatakayoisoma kwa haki katika parokia yoyote ya mlimani yatalazimika kuuliza wale wanafunzi wenye afya na njaa walikuwa wapi wakati Martha alipolalamika kwamba ameachwa ahudumu peke yake, na kwa nini malalamiko yake yalimhusu dada yake tu.